Kimya cha Mwalimu Bado

Jina la Bado alipewa na watoto, na watoto wakishakupa jina, hata ukienda mahakamani halikutoki. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mrefu, mwembamba, mabega yake meupe kwa vumbi la chaki kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Alipouliza swali, na mkono wa mjuaji mmoja ukaruka juu hata kabla hajafunga mdomo, alisema neno moja tu: "Bado." Kisha alinyamaza. Aliegemea ukuta kando ya ubao, akakunja mikono, akaliacha darasa zima lipambane na lile swali mpaka madawati yakaanza kulia. Wageni waliochungulia dirishani walidhani mwalimu kasahau somo.

Ukikosea hakukucheka, na ole wake atakayekucheka. Ukipata hakukusifu. Alisema tena, "Bado. Tuambie kwa nini," na hapo ndipo wajuaji walipotokwa jasho, maana kutaja jibu ni jambo moja na kulielewa ni jambo jingine kabisa. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake. Muuza vipuri alipita, nesi wa zahanati alipita, dereva wa gari la taka alipita. Hata mwalimu mkuu mwenyewe alipita, mama ambaye siku hizi alikuwa na ofisi yenye pazia na kiti cha kuzunguka, lakini akikutana na Bado kwenye varanda alishusha sauti na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Msidhani alizaliwa na subira. Alipoanza kazi alisema mfululizo kama cherehani, akimaliza anafuta ubao, anatoka. Aliyemfundisha kunyamaza ni mkewe, na mkewe hakuwa mwalimu bali mkunga. Jioni alikuwa akienda kumpitia kazini, akakaa kwenye benchi la nje ya wodi akisikia sauti yake ikiwatuliza wazazi na kuwafokea wanafunzi wa uuguzi waliokuwa na pupa: "Acha kuvuta! Mtoto havutwi, anangojewa!" Siku moja walipokuwa njiani kurudi nyumbani, Bado alimwambia kwamba yeye darasani huwavuta watoto kutwa nzima na hakuna aliyekufa. Mkewe akamwangalia kwa huruma.

"Hakuna aliyekufa, ndiyo. Lakini umewahi kumwona aliyezaliwa?"

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Kesho yake aliuliza swali akafunga mdomo, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kimya kilimtesa yeye kuliko wanafunzi. Mwishowe mtoto mmoja wa nyuma, ambaye hakuwahi kusikika isipokuwa akipiga chafya, akainua kichwa na kujibu. Tangu siku hiyo Bado hakurudi kwenye ucherehani wake.

Sasa kulikuwa na binti wa fundi baiskeli. Alikuwa na kigugumizi, si kile cha kuteleza neno moja moja, bali kile kinachomshika mtu shingo. Neno lilisimama kooni, macho yakamtoka, mkono ukapigapiga paja, na wenzake wakaanza kummalizia sentensi kwa maneno ambayo hakukusudia. Walimu wengine hawakuwa wabaya. Walimwambia tu, "Kaa, mama, tutakurudia," na hawakumrudia. Akajifunza kutonyoosha mkono. Lakini kwa Bado alinyoosha, kwa sababu kimya cha Bado kilikuwa kipana, kilimtosha yeye na kigugumizi chake na bado nafasi ikabaki. Alikuwa na akili ya hesabu inayokwenda mbio, na mdomo unaofuata nyuma kwa miguu. Bado alijua kusubiri wote wawili wafike.

Basi ndipo ile akili mnemba ikaja shuleni. Wengine waliiita akili bandia, wengine mashine, watoto waliiita tu "ile." Iliingia na kijana mmoja wa kampuni, mwenye viatu vyenye ncha na adabu njema, ambaye kila mtu alimwita Kijana wa Vishikwambi, kwa kuwa alikuja na maboksi ya hivyo vitu, kompyuta bapa za kushika mkononi. Alieleza vizuri. Kila mtoto atakuwa na mwalimu asiyechoka, asiyenuna, asiyeugua siku ya Jumatatu. Mwalimu huyo atauliza kwa sauti na mtoto atajibu kwa sauti. Na sauti yenyewe haitakuwa ya mgeni wa kutoka angani, itakuwa ya mwalimu wanayemjua na kumheshimu. Mwalimu mkuu hakufikiri mara mbili. Alimtaja Bado.

Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo. Nani hapendi kuambiwa kwamba sauti yake itaendelea kufundisha hata yeye akiwa amelala chali kwenye kiti cha ustaafu? Muhula mzima alitembea na kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola, kikirekodi kila somo lake. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani sasa utakuwa unasumbua watu nyumba mia kwa wakati mmoja?"

Vishikwambi vilipogawiwa, vyenye vifuniko vya buluu ambavyo ukivifunga sauti inazimika, hata Bado aliduwaa. Ilikuwa sauti yake hasa, pamoja na kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya sehemu ngumu. Mtoto aliyeshindwa kuelewa sehemu kwa njia moja alielezwa kwa njia ya pili, ya tatu, ya nne, bila mtu kumkunjia uso. Mtoto wa mgonjwa aliyelala hospitalini alisoma akiwa kando ya kitanda cha mama yake. Mke wa Bado mwenyewe aliazima cha mtoto huyo, akajisomea humo vipimo vya dawa mpya, akasema inaeleza vizuri na hainuni kama mtu fulani anayemjua. Bado hakuwa mjinga wa kutemea mate kitu chenye faida.

Lakini darasani mambo yalianza kugeuka. Aliuliza, akasema "Bado," akaegemea ukuta, akakunja mikono. Hakuna dawati lililolia. Watoto walimkodolea macho tu, wametulia, wameridhika, kama watu wanaongoja kupakuliwa. Alingoja. Wao pia walingoja. Mwishowe mmoja aliuliza kwa upole wote wa dunia:

"Mwalimu, mbona husemi jibu?"

"Kwa nini niseme mimi?"

"Nyumbani unasema."

Wenzake wakaitikia. Ndiyo, nyumbani unasema. Nyumbani hutuweki muda mrefu hivi. Nyumbani wewe ni mzuri.

Hiyo "nyumbani wewe ni mzuri" ilimchoma. Aliazima kishikwambi, akakaa nacho sebuleni kwake, akakiamuru kimpe swali. Sauti yake ikamuuliza. Akanyamaza kwa makusudi ili aone itafanya nini. Pumzi chache tu, na sauti yake ikamwambia kwa furaha, "Usijali kabisa! Jibu sahihi ni hili hapa," ikamwaga kila kitu, ikampongeza kwa kujaribu. Hakuwa amejaribu chochote. Alifunga kile kifuniko cha buluu kwa kishindo hata mkewe akatoka jikoni kuangalia nani kagombana na nani.

Asubuhi alimtafuta Kijana wa Vishikwambi.

"Kwenye rekodi zangu, mimi nikiuliza swali huwa nafanya nini baada ya hapo?"

"Baada ya hapo?" Kijana alitabasamu, akidhani anasifiwa. "Ah, mwalimu, hapo tulifanya kazi! Karibu nusu ya rekodi zako ilikuwa kimya kitupu. Unauliza, halafu hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu. Tulisafisha yote. Tuliondoa kila pengo, mashine ikajifunza kwenye maneno matupu. Ndiyo maana sasa unasikika mchangamfu."

"Mlisafisha," Bado alirudia.

"Kabisa. Hata chembe haikubaki."

Kijana hakuwa na hila yoyote, na hilo ndilo lililokera zaidi. Mtu akikuibia unaweza kupiga kelele. Huyu alikuwa ameingia ndani, akakikuta kile kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani, akakiona ni takataka, akakifagia nje, sasa yuko mlangoni anangoja ahsante.

Pengo hilo lilipata mtu wa kumla. Mwisho wa muhula ilitangazwa kwamba vishikwambi ndivyo vitakavyoamua nani anapanda darasa la mtihani na nani anarudia mwaka. Kila mtoto aliingia peke yake stoo ya vitabu, akaulizwa na mashine, akaijibu kwa mdomo. Binti wa fundi baiskeli aliingia akatoka. Kwa kila swali neno lilikuwa limesimama kooni mwake, na kila liliposimama sauti ya Bado ilimwambia usijali kabisa, ikamtajia jibu, ikasonga mbele. Mashine ikahitimisha: mwanafunzi huyu hajibu, arudie darasa.

Baba yake alikuja shuleni na mikono yake myeusi kwa grisi, hata hakuwa amenawa. Alimkuta Bado varandani.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, nisamehe. Lakini huyu mtoto ndiye anayenifanyia hesabu zote za kibandani. Amekuja nyumbani hasemi, analia tu. Nikamuuliza nani kakufelisha. Anasema Mwalimu Bado."

Bado hakuwahi kupigwa kofi la aina hiyo.  Alimshika fundi mkono, grisi na yote, wakaenda moja kwa moja ofisi yenye pazia.

Mwalimu mkuu alikuwa na Kijana wa Vishikwambi, wakipanga sherehe ya Jumamosi. Mgeni rasmi kutoka idara ya elimu alikuwa anakuja kujionea shule ya mfano. Bado alieleza kisa bila kumung'unya maneno. Kijana alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Pole sana, mzee. Lakini kuna njia. Tunamweka kwenye kundi la mahitaji maalumu, atakuwa anaandika badala ya kuongea. Programu inaruhusu."

"Ana mahitaji gani maalumu?" Bado aliuliza.

"Si kwamba... ila hawezi kuongea."

"Anaongea. Wewe ndiye huwezi kusikiliza."

"Basi tunaweza kuongeza muda wa kusubiri, ila utaongezeka kwa wote, mwalimu. Watoto watachoka. Watalala."

"Walale! Nimefundisha waliolala tangu wewe hujaota meno."

Mwalimu mkuu aliinua mikono yote miwili. "Mwalimu wangu, nakuomba. Nakuheshimu, unajua. Lakini sauti si ni yako mwenyewe? Na ulikubali mwenyewe."

"Ndiyo maana nimekuja. Ingekuwa sauti ya mtu mwingine, ningekwenda kugombana naye. Sasa nigombane na nani, na koo langu? Nilikubali kuwaazima. Mkaazima baiskeli, mkang'oa breki, na sasa mnawapakia watoto. Muulize fundi huyu kama hiyo bado ni baiskeli."

Fundi aliangalia sakafu. "Bila breki, hiyo ni ajali tu inayongoja," alisema taratibu.

Mwalimu mkuu alikaa kimya kidogo, lakini kilikuwa kile kimya cha ofisini, cha mtu anayetafuta namna ya kumtoa mtu mlangoni. "Tuzungumze baada ya Jumamosi. Siku hiyo utakaa mstari wa mbele, utatambulishwa, utapigiwa makofi. Na tafadhali, mwalimu, nakusihi, unyamaze."

"Kunyamaza ndiyo kazi yangu," Bado alisema, akatoka.

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa pazia halizuii sauti. Bado aliketi ngazi moja chini yake na kumwambia wazi kwamba wanamruhusu kuandika. Akasubiri.

"N-n-nikiandika," binti alisema, mkono ukipigapiga paja, "w-watasema s-s-siwezi. Mimi n-nataka k-kusema."

"Basi utasema."

"L-l-lini?"

Hilo hakulijua. Neno lake la siku zote lilimjia mdomoni akalimeza, kwa sababu kumwambia bado mtoto anayeonewa ni uonevu mwingine.

Nyumbani aliwaka. Alitembea kutoka kochi hadi dirishani akisema kwamba Jumamosi atasimama mbele ya mgeni rasmi amweleze kila kitu, amsemee yule mtoto, amtetee, na wakitaka wamfukuze na wamfukuze. Mkewe alikuwa akipiga pasi sare yake nyeupe. Alimwacha amwage maneno yote, kisha akaisimamisha pasi.

"Baba watoto, miaka yote hii wodini, umewahi kusikia nimezaa kwa niaba ya mtu?"

"Mambo gani hayo?"

"Nakuuliza. Mama anazaa mwenyewe. Kazi yangu ni kumshika mkono, na kuwapiga mikono wale wanaovuta. Huyo mtoto kakwambia anataka kusema. Hakukwambia umsemee."

Bado alirudi kukaa. Alichukia mkewe anaposema kweli wakati yeye angali na hasira.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Viti vya plastiki vilijaa mpaka mlangoni, wazazi, walimu, na watoto waliopakwa mafuta wakang'aa. Jukwaani kulikuwa na meza yenye kitambaa, juu yake kishikwambi kimoja, na waya uliokiunganisha na spika kubwa. Fundi baiskeli alikuja na shati safi, akasimama nyuma ukutani. Bado alikaa mstari wa mbele pembeni kabisa, karibu na ukuta. Alipotambulishwa kuwa ndiye mwenye sauti, alipigiwa makofi, akainua makalio kidogo kwenye kiti na kukaa tena.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa muuza vipuri, hodari, aliyeandaliwa wiki nzima. Sauti ikauliza, mtoto akajibu papo hapo. "Safi sana! Hongera sana! Wewe ni nyota!" spika ikanguruma kwa sauti ya Bado, na Bado akafumba macho. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwita mtu nyota. Lakini ukumbi ulifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Mgeni rasmi, mama mnene mwenye miwani ya dhahabu, alipiga makofi kisha akaomba kipaza sauti.

"Huyu mmemwandaa," alisema akicheka. "Sasa nipeni mwingine, yeyote. Asiyeandaliwa."

Mwalimu mkuu alianza kupepesa macho kwenye mistari ya watoto akimtafuta wa kuokoa siku. Hakupata nafasi. Binti wa fundi baiskeli alikuwa ameshasimama. Hakunyoosha mkono, hakuomba, alipita tu katikati ya viti kuelekea jukwaani, na watoto waliomjua wakaanza kunong'ona na kusukumana viwiko. Kijana wa Vishikwambi alimnong'oneza mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akauma mdomo. Kumrudisha mbele ya mgeni kungekuwa aibu kubwa kuliko kumwacha.

Kikohozi kidogo kwenye spika. "Karibu! Bomba la kwanza linajaza tangi kwa saa tatu. Bomba la pili linalijaza kwa saa sita. Yakifunguliwa yote mawili kwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani?"

Binti alifungua mdomo. Neno likasimama. Mkono ukaanza kupiga paja, shingo ikakaza, macho yakamtoka, na hapa na pale ukumbini watu walianza kutazama viatu vyao. Mzazi mmoja alisema kwa sauti ya chini, masikini ya Mungu. Bado alijua kilichokuwa kikija, maana alikijua kwenye koo lake mwenyewe.

"Usijali kabisa!" spika ikasema kwa furaha. "Jibu sahihi ni..."

Binti aliinua mkono na kukifunga kile kifuniko cha buluu. Sauti ya Bado ikakatika katikati ya neno.

"B-b-b..." alisema, akikitazama kifuniko. "B-b-bado!"

Kijana wa Vishikwambi alishaanza kuinuka akakifungue. Watu wakaguna, viti vikakwaruza sakafu, mgeni rasmi akageuka kushoto na kulia. Ndipo Bado naye akasimama. Mwalimu mkuu alimwona, akajua sasa kumekucha, atahutubia. Hakuhutubia. Alipiga hatua mpaka ukutani, akauegemea, akakunja mikono.

Basi hapo ndipo ilipoonekana huyu mtu alifundisha mji huu nini. Muuza vipuri, mtu mzima mwenye kitambi, alimwona Bado ukutani akafunga mdomo wake bila kujijua. Nesi akanyamaza. Dereva wa gari la taka alimgusa bega jirani yake aliyekuwa akinong'ona, akamtikisia kichwa. Kimya kilianzia mbele, kikapita katikati, kikafika mlangoni. Kijana alikuwa amefika nusu ya njia alipohisi mtu kamshika shati. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Kaa chini," alimwambia.

Mgeni rasmi alimwinamia. "Kuna tatizo? Mtoto hajui?"

"Bado, mheshimiwa," mwalimu mkuu alisema, na akashangaa kusikia neno hilo limetoka kwake.

Walisubiri. Ni kazi ngumu, kusubiri. Ukumbi mzima wa watu wazima walikuwa na hamu ya kummalizia mtoto yule sentensi yake, na hawakummalizia. Kule nyuma fundi alikuwa ameuma kidole.

"S-s-saa," binti alisema. Shingo ikakaza tena. Wakasubiri. "Saa m-m-m... saa mbili."

Mikono ilishainuka kwa makofi. Lakini kutoka ukutani ikaja ile sauti kavu, isiyo na spika, isiyomwita mtu nyota.

"Bado. Tuambie kwa nini."

Makofi yakakwama hewani. Mzazi mmoja aliguna kwa hasira, huyu mzee hana hata huruma? Binti hakuguna. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie stoo ya vitabu, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akitaka kufika. Aliwaeleza. Kwa saa moja bomba la kwanza linajaza theluthi ya tangi, la pili linajaza moja ya sita. Ukizijumlisha unapata nusu. Kila saa nusu, kwa hiyo saa mbili. Neno theluthi lilimtesa vibaya, alilirudia mara kadhaa, na hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza alimwangalia Bado, na Bado akakunjua mikono yake. Wanafunzi wake wote wa zamani walijua maana yake. Ukumbi ulilipuka, na fundi baiskeli akalia mbele za watu bila kujali shati safi.

Mgeni rasmi aliushika mkono wa binti, akasema maneno mazuri, akaangalia saa yake, akaondoka na msafara wake. Mwalimu mkuu alichukua kipaza sauti.  "Mtoto huyu harudii darasa. Na wote ambao mashine imesema hawajibu, tutawauliza upya sisi wenyewe, kwa midomo yetu."

Ukumbi ulipotawanyika, Kijana wa Vishikwambi alikuwa akikunja waya jukwaani. Bado alimwendea, binti na baba yake wakamfuata, mwalimu mkuu nyuma yao.

"Mwalimu, nimeelewa," kijana alianza kabla hajaulizwa. "Wallahi nimeelewa. Turekodi upya. Safari hii tutaacha kimya chako chote."

"Kwanza itoe hii iliyopo."

"Hapa shuleni naitoa leo leo."

"Na kwingine?"

Mikono ya kijana ilisimama kwenye waya. "Kwingine wapi?"

"Usinijibu swali kwa swali. Sauti yangu iko wapi kwingine?"

 Ilipendwa, kijana alisema. Shule nyingine ziliisikia zikaitaka. Kampuni ikaipeleka. Ni shule kadhaa, mbali mbali, na huko haitatolewa, kwa sababu kampuni haitakubali, na yeye ni mwajiriwa tu.

Bado hakupiga kelele. Aliwaza madarasa ambayo hajawahi kuyaona, na katika kila darasa mtoto mmoja ambaye neno limemsimama kooni, na sauti yake yeye ikimkata kauli kwa furaha.

"Kampuni sijaiomba kitu," alisema. "Nitakwenda mwenyewe. Shule moja baada ya nyingine. Nitasimama mbele ya watoto niwaambie: sauti hiyo ni yangu, na ikiwakatiza, ifungeni. Nitajie shule ya kwanza."

"Mwalimu, utajitafutia matatizo. Kazi yako..."

"Nitajie."

Kijana alimgeukia mwalimu mkuu apate kuokolewa. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama dari. Alimgeukia fundi, fundi akamkazia macho.

"Nasubiri," Bado alisema. Akaegemea ukuta, akakunja mikono. Kando yake binti wa fundi baiskeli naye akaegemea ukuta, akakunja ya kwake.